Alama Juu ya Mzigo: Historia ya Lugha ya Kunyanyua Mizigo Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Historia ya Kiswahili imezoeleka kufuatiliwa katika tenzi, nyaraka za masultani, magazeti na vitabu vya shule. Ni nadra kufuatiliwa kwenye ubavu wa sanduku, kwenye kibati kilichofungwa katika mnyororo, au kwenye kitambaa kidogo kilichoshonewa mkanda wa kunyanyulia mitambo. Maandishi ya mahali hapo ni mafupi kuliko yote: namba moja, herufi mbili tatu, pengine rangi tu. Hata hivyo, hakuna maandishi mengine ambayo kosa la msomaji wake hulipwa kwa haraka kiasi hicho. Anayeusoma vibaya utenzi hupoteza maana, ilhali anayeisoma vibaya namba iliyo juu ya mzigo wa tani 8 huweza kupoteza maisha yake au ya mwenzake aliyesimama karibu.

Mhadhara huu unachunguza namna mizigo ilivyotambulishwa katika ukanda wa Shinyanga na Geita, tangu zama za misafara ya wapagazi hadi migodi mikubwa ya dhahabu ya karne ya 21. Hoja yake kuu ni moja. Mzigo unaobebwa na mwili wa mtu hujieleza wenyewe, kwa kuwa anayeubeba huuhisi. Mzigo unaonyanyuliwa na mashine hauhisiwi na yeyote, hivyo hauna namna ya kujieleza isipokuwa kwa alama iliyoandikwa na mtu ambaye hayupo. Kutokana na badiliko hilo, usalama wa kunyanyua mizigo umegeuka kuwa pia suala la lugha: alama inaandikwa kwa lugha gani, inajibu swali gani, na inamlinda nani.

2.0 Mzigo wa begani: mwili kama mizani

Kabla ya reli, karibu kila kitu kilichotoka Usukuma na Unyamwezi kwenda pwani, na kilichotoka pwani kwenda huko, kilibebwa na watu. Katika karne ya 19 njia kuu ilianzia Bagamoyo, ikavuka Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka hapo tawi moja likaelekea kaskazini hadi Ziwa. John Hanning Speke aliifuata njia hiyo mwaka 1858 alipofika Mwanza. Wapagazi walio wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu walioifanya kazi hiyo kuwa taaluma yenye heshima, desturi na lugha yake.

Kipimo cha mzigo kilikuwa frasila, yaani ratili 35 au 36 hivi, ambazo ni takribani kilo 16. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili. Nguo zilihesabiwa kwa shuka, doti na gora, kisha zikafungwa na kushindiliwa kuwa mtumba mmoja wa uzito huo. Jino la tembo halikuweza kugawanywa. Lilipozidi nguvu za mtu mmoja lilitundikwa katika mti uliopita mabegani mwa watu wawili. Kwa maneno mengine, kipimo kilianzia kwenye bega, na bidhaa ilifungwa kulifuata bega hilo.

Katika utaratibu huu hapakuwa na haja ya kuandika uzito. Mpagazi aliujua mara tu alipouinua, na kama umezidi alisema papo hapo, mbele ya mnyampara wake. Wasafiri walioandika habari za misafara hawakuacha kutaja mabishano ya asubuhi ya kwanza, wakati kila mmoja alipotafuta mzigo ulio afadhali. Mabishano hayo, yaliyoonekana kwa wageni kuwa fujo, yalikuwa ndiyo ukaguzi wa usalama wa wakati ule: aliyepaswa kuubeba mzigo ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuutamka kuwa mzito. Inafaa kukumbuka pia kwamba neno lenyewe, mnyampara, lilitoka bara na kuingia katika Kiswahili, ambako leo husikika kama mnyapara, kwa maana ya msimamizi wa kikosi cha kazi.

Alama zilikuwapo, lakini kwa kazi nyingine. Msamiati wa Kiswahili unalithibitisha hilo. Alama, kutoka Kiarabu, ni ishara yoyote ya kutambulisha. Chapa, yenye asili ya Kihindi, ni kitu kilichogongwa au kupigwa. Muhuri, ambao asili yake ni Kiajemi, hufunga na kuthibitisha. Rajamu, neno ambalo Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliorodhesha na ambalo sasa limekaribia kusahaulika, lilikuwa alama ya mfanyabiashara juu ya bidhaa yake. Nembo, neno la Kibantu, lilianza kama chale za mwilini za kutambulisha ukoo au kabila kabla ya kuwa alama ya shirika au taifa. Ukiyatazama maneno haya pamoja, yote yanajibu swali moja: hiki ni cha nani, au kimetoka wapi? Hakuna hata moja linalojibu: kina uzito gani? Swali hilo la pili halikuhitaji neno lake, kwa sababu lilijibiwa na shingo na bega.

3.0 Mizani na chapa: pamba ya Usukuma

Reli ya kutoka Tabora ilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928. Kuanzia hapo uzito wa mzigo wa Usukuma ukaacha kuwa jambo la bega na kuwa jambo la mizani. Zao lililoleta mabadiliko hayo lilikuwa pamba. Mkulima alifika na pamba yake kwa mnunuzi, ikawekwa juu ya mizani, na mtu mwingine akaisoma namba. Kwa mara ya kwanza watu wengi wa eneo hili walijikuta wakitegemea, kwa ajili ya riziki yao, namba ambayo hawakuisoma wenyewe.

Malalamiko yaliyofuata yanafahamika katika historia ya ushirika. Wakulima waliwashuku wanunuzi kuwapunja katika mizani, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliweka wapimaji wao huru vituoni. Kutokana na juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani, vilizaliwa vyama vya msingi vingi ambavyo mwaka 1955 viliungana katika shirikisho la vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa, lililofahamika kama Victoria Federation of Co-operative Unions. Shirikisho hilo lilikuja kuwa miongoni mwa asasi kubwa za ushirika barani Afrika. Kwa mwanahistoria wa siasa, habari hii ni sura ya harakati za uhuru. Kwa mwanafunzi wa lugha ina funzo jingine: jamii ya Wasukuma ilitambua mapema kwamba uzito ulioandikwa ni ushahidi, na ushahidi unahitaji shahidi anayeaminika na anayeweza kuhojiwa.

Kwenye vinu vya kuchambulia pamba, zao hilo lilishindiliwa kuwa marobota yenye uzito unaokaribia kilo 200 kila moja. Robota la namna hiyo halibebwi kichwani. Linasukumwa, linaviringishwa au linanyanyuliwa kwa chombo, na ubavuni mwake huandikwa chapa ya kinu, namba yake na uzito wake. Hapa ndipo majibu ya maswali mawili, cha nani na kizito kiasi gani, yalipokutana juu ya mzigo mmoja.

Wakati huohuo dola ya kikoloni ilikuwa na bidii kubwa zaidi ya kumtia alama mtu kuliko kuutia alama mzigo. Kibarua wa Tanganyika alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi iliyojazwa siku baada ya siku. Siku zake zilihesabiwa kwa uangalifu. Uzito aliopewa kubeba katika siku hizo haukuwa na nafasi katika kadi.

4.0 Kamba za jahazi na winchi ya bandari

Mtu anaweza kudhani kwamba Kiswahili hakikuwa na lugha ya kunyanyua vitu vizito mpaka zilipokuja mashine. Dhana hiyo si sahihi. Foromali ya jahazi, pamoja na tanga lake, ni mzigo mkubwa unaopaswa kupandishwa hadi juu ya mlingoti. Mabaharia wa pwani waliipandisha kwa henza iliyopita juu ya mlingoti, nayo ikavutwa kwa jarari iliyopita katika makapi mawili, abedari na gofia. Kila kamba na kila kapi lilikuwa na jina lake, kwa kuwa amri iliyotolewa usiku wa upepo mkali haikuweza kusema "vuta ile". Aidha, Kireno kilikwisha kuacha neno roda, gurudumu la kupitishia kamba. Msamiati wa kunyanyua, basi, ulikuwapo na ulikuwa mpana.

Kilichokosekana ni maandishi ya uzito, na sababu yake iko wazi. Foromali ni ileile kila siku, na mabaharia ni walewale. Mzigo unaofahamika hauhitaji kuandikwa. Hali iligeuka katika bandari za meli kubwa. Makuli wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa walikutana kila siku na vitu vipya vilivyofungwa na watu wasiowajua, katika miji wasiyoiona. Sanduku mbili zenye ukubwa sawa zingeweza kuwa na uzito tofauti mara kumi, moja likiwa na nguo na jingine vyuma vya mashine. Winchi ilivuta, kamba ikakaza, na ukweli wa uzito ukajulikana wakati ambao haukuwa tena na faida.

Tatizo hili lilikuwa la bandari zote duniani. Tarehe 21 Juni 1929, Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani, mjini Geneva, ulipitisha Mkataba Na. 27 kuhusu kuandika uzito juu ya mizigo mikubwa inayosafirishwa kwa vyombo vya majini. Mkataba huo uliagiza kwamba kila mzigo wenye uzito wa jumla wa kilo 1,000 au zaidi, unaosafirishwa kwa bahari au kwa maji ya bara, uandikwe uzito wake kwa nje, waziwazi na kwa namna isiyofutika, kabla ya kupakiwa. Pale ambapo ni vigumu kupata uzito kamili, sheria ya nchi ingeweza kuruhusu uzito wa kukadiria. Wajibu wa kuhakikisha kwamba uzito umeandikwa haukuwekwa juu ya kuli, bali juu ya serikali ya nchi mzigo unakotoka. Haya yalikuwa mageuzi makubwa ya fikra: aliye mbali alilazimishwa kuzungumza na aliye chini ya mzigo.

Upande wa vifaa ulikuwa na sheria zake. Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya mwaka 1937 ilidai kila mashine ya kunyanyulia iandikwe mzigo salama wa kazi, na majedwali ya minyororo na kamba yabandikwe mahali panapoonekana. Sheria ya Viwanda ya Tanganyika ya mwaka 1950 ilifuata mkondo huo. Hivyo basi, katikati ya karne ya 20 kanuni zilikuwa na nusu mbili zinazotegemeana: mzigo useme uzito wake, na kifaa kiseme uwezo wake. Mtu anayefunga mzigo anasimama katikati, akilinganisha maandishi hayo mawili. Akikosa kusoma moja, jingine halimfai kitu.

5.0 Dhahabu na almasi: mzigo usiobebeka

Dhahabu ya Geita iliripotiwa na Wajerumani mwaka 1898, na mgodi mkubwa wa kwanza wa hapo ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Huko Mwadui, kaskazini mwa mji wa Shinyanga, mjiolojia wa Kanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940 na kujenga mgodi wenye mitambo yake mikubwa. Baada ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ukaja wimbi jipya: mgodi mpya wa Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi karibu na Kahama, uliozalisha tangu mwaka 2009 hadi mwaka 2021. Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi wenye shimo la wima lililopita mita 1,000. Geita, iliyoanza kwa mashimo ya wazi, iliingia chini ya ardhi mwaka 2016.

Migodi ya aina hii huishi kwa vitu visivyobebeka na mtu: mapipa ya kusagia mawe, injini, pampu, mabomba, matairi ya malori ambayo moja tu lina uzito wa tani kadhaa. Vingi hushushwa bandarini Dar es Salaam, husafiri karibu kilomita 1,000 kwa barabara, hushushwa tena ghalani, na hunyanyuliwa tena siku ya kufungwa mahali pake. Kila mara kinaponyanyuliwa, watu watatu hutegemeana: anayekifunga, anayetoa ishara kwa mikono, na dereva wa kreni. Miongoni mwao ni dereva tu mwenye chombo cha kumwonyesha uzito, nacho husema kweli baada ya mzigo kuacha ardhi. Aliyefunga ana alama tu.

Alama hiyo inapaswa kumjibu maswali manne: hiki ni nini, kina uzito gani, kitovu cha uzito wake kiko wapi, na kifungwe wapi. Maswali mawili ya mwisho hujibiwa zaidi kwa picha kuliko kwa maneno: duara lenye msalaba huonyesha kitovu cha uzito, na mchoro wa minyororo huonyesha mahali pa kupitishia kamba. Swali la uzito ndilo lisilokwepa namba, na namba yenyewe haitoshi bila hesabu. Mzigo wa tani 10 ukining'inizwa kwa kamba mbili zilizosimama wima, kila kamba huvutwa kwa tani 5. Kamba zikiegemea hadi kufanya pembe ya digrii 60 na mstari wa mlalo, kila moja huvutwa kwa takribani tani 5.8, katika digrii 45 ni tani 7.1, na katika digrii 30 kila kamba huvutwa kwa tani 10 kamili, kana kwamba imeubeba mzigo wote peke yake. Kwa hiyo kosa dogo katika kusoma uzito hukua kadiri kamba zinavyolala.

Pembeni mwa migodi hii mikubwa wapo wachimbaji wadogo, kama wale wa Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita. Katika maduara yao mawe huvutwa juu ndani ya mifuko, kwa kamba na gurudumu la kuzungushwa kwa mikono. Hapo mwili umerudi kuwa mizani kama zama za frasila: anayevuta anajua mfuko umejaa kupita kiasi. Jambo ambalo mikono yake haiwezi kumwambia ni hali ya kamba. Kamba haina kibati, haina namba, haina tarehe ya kuanza kutumika, na mtu aliye chini ya duara hana chochote cha kusoma. Ukanda mmoja, basi, unaishi nyakati mbili kwa pamoja: mahali pamoja alama ni nyingi lakini kwa lugha ya kigeni, na mahali pengine alama hazipo kabisa.

6.0 Tani tatu, rangi nane na maana mbili za namba

Kwa mtaalamu wa lugha, hatari ya alama hizi haiko katika kutojua kusoma tu. Iko pia katika maneno yanayoonekana kueleweka.

Mfano wa kwanza ni tani. Kiswahili kililichukua neno hili kutoka Kiingereza na kulitumia kwa vipimo vitatu tofauti. Tani ya metriki ni kilo 1,000. Tani ndefu ya Uingereza ni ratili 2,240, yaani kilo 1,016. Tani fupi ya Marekani ni ratili 2,000, yaani kilo 907. Kiingereza cha maandishi hujaribu kuzitenganisha kwa tahajia au kwa kivumishi. Kiswahili huziita zote tani. Kifaa cha Marekani kilichoandikwa uwezo wa tani 20 hubeba tani 18 na kidogo tu za metriki. Mfungaji anayekilinganisha na mzigo wa tani 19.5 uliopimwa kwa kilo anaamini kuwa yuko salama, ilhali amekwisha kuvuka mpaka kwa zaidi ya tani nzima. Neno moja limeficha tofauti ambayo chuma hakiifichi.

Mfano wa pili ni rangi. Mikanda ya kunyanyulia iliyotengenezwa kwa nyuzi, kwa kufuata viwango vya Ulaya, hutambulishwa kwa rangi nane: zambarau tani 1, kijani tani 2, njano tani 3, kijivu tani 4, nyekundu tani 5, kahawia tani 6, buluu tani 8, na rangi ya chungwa tani 10 na kuendelea. Rangi huonekana kuwa lugha ya wote. Lakini katika Kiswahili vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Katika rangi nane zilizotajwa, nyekundu peke yake ndiyo imo katika kundi hilo. Nyingi za nyinginezo zimetajwa kwa vitu vya kuonekana: zambarau na chungwa ni matunda, kijani ni ya jani, kijivu ni ya jivu, kahawia ni ya kahawa, njano ni ya manjano ya mapishi. Majina haya ni mazuri na yanafundishika. Ila kijivu na kahawia, ambazo tofauti yake ni tani mbili, hukaribiana sana baada ya miezi michache ya vumbi jekundu na jua la Geita. Zaidi ya hayo, watengenezaji wa Marekani hutumia mpangilio wa rangi usiolingana na huo, na migodi mingi duniani huongeza rangi nyingine ya kuonyesha kipindi cha ukaguzi. Mkanda mmoja waweza kuwa na rangi mbili zinazosema mambo mawili.

Mfano wa tatu ndio mzito zaidi. Boriti ya kunyanyulia, ile inayowekwa kati ya ndoano ya kreni na mzigo, huwa na namba mbili: uzito wake yenyewe na kiasi inachoweza kubeba. Kwa Kiingereza kiasi hicho huandikwa kwa herufi SWL au WLL. Asiyezijua herufi hizo huona namba tu. Akiambiwa kwa mdomo, mara nyingi huambiwa "uzito tani 5", kauli inayoweza kumaanisha kwamba kitu kina tani 5 au kwamba kinachukua tani 5. Hata jozi ya maneno uzito na uwezo, iliyo sahihi kisarufi, hutofautiana kwa konsonanti mbili na irabu moja tu, na katika kelele za karakana sikio halizishiki vizuri. Lugha ya jahazi isingevumilia maneno mawili yanayofanana hivyo kwa kamba mbili tofauti.

7.0 Makontena ya makinikia

Swali la nani anauamini mzigo uliofungwa lilipata sura ya kitaifa mwaka 2017. Mwezi Machi mwaka huo Rais John Pombe Magufuli alipiga marufuku kusafirisha mchanga wa madini nje ya nchi, na makontena 277 yaliyotoka Bulyanhulu na Buzwagi yakazuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilichukua sampuli na kutoa ripoti yake tarehe 24 Mei. Ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, iliwasilisha yake tarehe 12 Juni. Kampuni iliyohusika ilikanusha matokeo hayo, na mgogoro ulimalizika kwa makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020. Katika miezi hiyo neno makinikia lilitoka katika vitabu vya wataalamu na kuingia vijiweni, ushahidi kwamba istilahi ya Kiswahili huenea upesi pale jambo linapowagusa watu.

Mjadala ule ulihusu thamani na yaliyomo. Lakini kontena hilohilo, machoni pa dereva wa kreni, huuliza swali la uzito, na swali hilo lilikuwa limepata kanuni mpya mwaka mmoja kabla. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini hukataza kontena lililojazwa kupakiwa melini bila uzito wake wa jumla kuthibitishwa, ama kwa kulipima lote, ama kwa kupima kila kilichomo na kujumlisha uzito wa kontena tupu. Kanuni hiyo ilitokana na ajali zilizoonyesha kwamba uzito uliotajwa kwenye karatasi haukulingana na uzito uliokuwa kwenye ndoano. Safari hii wajibu uliwekwa juu ya mtumaji. Kutoka mizani ya pamba hadi mizani ya bandari, dai ni lilelile: anayeandika namba aweze kuulizwa.

8.0 Hitimisho

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, ilichukua nafasi ya ile ya viwanda ya mwaka 1950, na mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, lina mamlaka ya kusanifu istilahi. Mfano wa kufuata upo tayari: neno HATARI lililoandikwa kwenye nguzo na transfoma za umeme halihitaji tafsiri kwa mtoto wala kwa mzee. Limefaulu kwa sababu ni neno moja, kubwa, lisilochanganyikana na jingine, na limewekwa mahali hatari ilipo.

Kazi ya kunyanyua mizigo inahitaji maneno machache ya aina hiyohiyo. Uzito wa kitu uitwe UZITO WAKE, na usiitwe jina jingine. Kiasi kinachoweza kubebwa na kifaa kiitwe MWISHO WA KUBEBA, kwa kuwa mwisho haufanani na uzito kwa sauti wala kwa maana, na humwambia msomaji kwamba hapo ni mpaka. Vipimo vyote viandikwe kwa kilo, ili neno tani lisibebeshwe maana tatu. Kifaa kilichotoka ng'ambo kiongezewe kibati cha Kiswahili kabla ya kutoka ghalani, na kifaa kisicho na alama kisitumike. Majina ya kamba na makapi ya jahazi nayo yana nafasi katika vyuo vya ufundi, kwa kuwa ni ya lugha yenyewe na yalikwisha kuthibitishwa na kazi.

Gharama ya mambo haya ni ndogo, na faida yake inapimika. Mpagazi wa karne ya 19 alikuwa na haki ya kuuinua mzigo, kuuhisi na kusema kwamba umezidi. Mfungaji mizigo wa Bulyanhulu au Geita hawezi kuuhisi. Haki yake iliyobaki ni kuusoma, na haki hiyo haikamiliki mpaka maandishi yaliyo juu ya mzigo yawe ya lugha anayoielewa bila kusita.